Sukari kwenye pipa

Wiki hii mmetuuliza: kati ya Vita vya Kagera, Ujamaa na ruksa ya Mzee Mwinyi, yaani kufungua milango ya biashara, kipi kimeijenga zaidi Tanzania ya leo? Nimelisoma swali mpaka chai ikapoa. Mimi nitawajibu kuhusu woga, kwa kuwa ndio niliokua nao.

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka tisa, tunaishi Tabora. Mjomba alishuka treni ya Kigoma na kilo nne za sukari zimeshonewa ndani ya mto wa sufi. Kilo nne, wakati duka la kaya lilikuwa na majani ya chai na viberiti tu! Wiki hiyohiyo msako wa wahujumu uchumi, yaani waliodaiwa kuficha na kulangua bidhaa, ukafika kwetu. Jioni jirani alichungulia uani akamnong'oneza mama, "Mama Asha, mgambo wako mtaa wa pili." Mama hakujibu. Aliuleta mto, akaukata uzi kwa meno, akaimwaga sukari yote kwenye pipa la maji ya kunywa na kukoroga kwa mwiko wa ugali.

Mgambo hawakuingia kwetu. Asubuhi wakaja nyuki. Anayeijua Tabora anawajua nyuki wake: ukingo wa pipa haukuonekana. Na baba yangu, mwanajeshi aliyeingia Kampala Aprili 1979, alisimama uani na kanga iliyolowa akiwafukuza kabla majirani hawajaamka. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Maji yale tuliyanywa siku tano, tukayafulia pia, na sare yangu ilikauka ikawa ngumu kama kibao.

Miaka yote nimeulaumu Ujamaa kwa asubuhi ile. Ila nikiyaandika haya naona siutendei haki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vikatugharimu kiasi kinachokadiriwa kufika dola milioni 500, na mafuta yakapanda bei mwaka uleule wa 1979. Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18, tuliifunga miaka. Serikali ipi ingeyajaza maduka katika hali hiyo? Tena mama huyohuyo alijua kusoma kwa sababu ya kisomo cha watu wazima.

Maduka kuwa matupu naweza kusamehe. Sheria ya uhujumu uchumi ya 1983 siwezi, maana ilimnyima mtuhumiwa dhamana na wakili. Mtu alikamatwa kwa madebe ya mafuta ya kula, na hakuna wa kumsemea. Haki za raia ziliingizwa kwenye Katiba mwaka uliofuata, 1984, na hata hivyo mahakama hazikuweza kuzisimamia mpaka Machi 1988. Hapo wengi walishajifunza kunong'ona. Mama mpaka leo ananunua sukari robo robo, na duka liko mlango wa pili.

Basi mkinibana nichague kimoja, nitasema vita, ingawa nilikaa kuandika nikiwa na Ujamaa kichwani. Bila vita, sidhani kama tungefika kwenye ile misako. Lakini anayetoka Kagera kwenyewe, aliyezikimbia nyumba zikiungua Oktoba 1978, ana haki ya kunipinga, na aliyehamishwa kwa nguvu kwenye Operesheni Vijiji naye vilevile. Hao waulizeni kabla yangu.