Kiwiko kinawaka, na bosi anadhani nilikwenda kuzika

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi wa malori hapa Jinja, naishi Walukuba, nina miaka 37, mke na watoto watatu. Gofu niliijua nikiwa kijana wa kubeba mikoba ya wachezaji, leo hendikapu yangu, yaani mikwaju ninayopunguziwa katika raundi, ni 5. Tangu Machi kiwiko cha kulia kinauma upande wa ndani, asubuhi hata kukamua kitambaa siwezi. Nameza diklofenaki na kuendelea na kazi. Mwezi uliopita nilikuwa na mashindano Entebbe siku ya Ijumaa, nikamwambia bosi nina mazishi Bugiri. Wenzangu gereji wakanichangia mabugo, yaani rambirambi, shilingi 120,000. Mpaka leo hawajui. Sasa zimebaki wiki tano kufika mashindano ya wazi ya ridhaa ya Uganda kule Kampala, mashimo 72, siku nne. Mke wangu anasema nichague, gofu au nyumba. Mimi naona huu ndio mwaka wangu. Nifanye nini?*

*Fundi, Jinja*

Marahaba, mwanangu.

Najua ulitaka nianze na kiwiko. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye zile 120,000. Nawaza kijana wa spana pale gereji, ambaye mshahara wake wewe unaujua, akitoa 5,000 ili usifike msibani mikono mitupu. Amekula mhogo mkavu mchana huo kwa sababu yako, na marehemu hayupo. Hilo lisipotengenezwa, hata ukirudi kutoka Kampala na kikombe utakipitisha wapi wasikione?

Mchezo wako hauna refa wa kukufuata shimo kwa shimo. Mikwaju unahesabu mwenyewe, mwenzako anaandika, unatia sahihi kadi. Ukitia sahihi kadi yenye mikwaju pungufu, umeondolewa. Mwaka 1925, kwenye mashindano ya wazi ya Marekani, mchezaji wa ridhaa Bobby Jones aliona mpira wake umejongea kidogo alipokuwa anajiandaa kuupiga. Waliokuwepo hawakuona. Alijiongezea mkwaju mmoja, mwisho akalingana alama na mwenzake, wakarudiana, akashindwa. Yaani mkwaju ule ulimnyima ubingwa. Wewe uliyefikia hendikapu 5 naamini umeshajitoza adhabu kama hiyo porini, peke yako na mpira wako. Basi mtu yule yule aingie ofisini kwa bosi.

Nenda kwa bosi kwanza, kabla hujazungumza na wenzako, na usiende na maelezo marefu. Mwambie hakukuwa na mazishi, ulikwenda kucheza gofu. Halafu mkabidhi aliyekusanya mchango pesa yote kwa mkupuo, hata kama ni kwa kuuza fimbo mbili tatu kwenye mkoba wako. Kurudisha kidogo kidogo kwa siri ni uongo mwingine. Unaweza kupewa barua ya onyo, unaweza kukatwa siku hiyo. Pokea. Ukishatulia, ulizia likizo yako, maana Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mwajiriwa siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 4 mfululizo ya kazi, yaani siku 21 kwa mwaka. Ulikuwa na siku halali za kuomba, ukaenda kumuua ndugu.

Sasa kiwiko.

Kile kifundo cha mfupa upande wa ndani ndipo zinaposhikilia kano za misuli ya kukunja kiganja na kukaza ngumi. Ndiyo misuli unayotumia kufungua nati za lori Jumatatu mpaka Ijumaa, na ndiyo hiyo hiyo inayoshika fimbo Jumamosi. Madaktari wanauita ugonjwa huu kiwiko cha mcheza gofu, lakini mafundi, maseremala na washonaji wanaupata bila kugusa mpira. Tangu Machi kano hiyo haijapata hata wiki moja ya kupumua. Diklofenaki inanyamazisha maumivu tu, na ukiimeza miezi mingi tumbo na figo zinalipia. Acha kujipangia dozi mwenyewe.

Mimi nilikaa kwenye cherehani miaka 11. Mkono uliponikataa, kliniki moja walinichoma sindano ya kiwiko, nikatoka nikicheka. Wiki ya pili nilikuwa nakata vitambaa vya suruali kama zamani. Mwezi wa tatu maumivu yalirudi, makali kuliko mwanzo, hata kikombe cha chai nikakishika kwa kushoto. Kilichoniponya ni mazoezi ya polepole, na yalichukua miezi. Ndiyo maana nakusihi, ukiahidiwa sindano ya kukuwahisha mashindano, uliza kwanza baada ya miezi mitatu itakuwaje.

Muone mtaalamu wa fiziotherapi akushike mkono na kukupima. Na kama kidole kidogo na cha pete vinakufa ganzi, mwambie siku hiyo hiyo, kwa sababu hapo mshipa wa fahamu umeguswa. Yeye ndiye atakayekupangia mzigo, lakini zoezi lenyewe si la ajabu: unalaza mkono mezani kiganja kikitazama juu, umeshika chupa ya maji ya nusu lita, mkono wa kushoto unasaidia kuipandisha, wa kulia unaishusha taratibu peke yake. Kazini omba spana zenye mpini mrefu, nati ngumu apewe kijana. Na fimbo zako, nakisia, raba za mishikio zimeisha na kuteleza, kwa hiyo unazikaba. Badilisha.

Je, wiki tano zinatosha? Hazitoshi. Piga hesabu pamoja nami. Raundi moja una mikwaju kama 80. Toa ile ya kusukumia mpira shimoni, inabaki 45 au zaidi ya kupiga hasa, mingi ikigonga mpira na ardhi. Zidisha kwa siku nne, ongeza ya mazoezi. Kano iliyoshindwa kukamua kitambaa haiwezi kubeba hiyo. Kwangu jibu ni moja: mwaka huu usicheze. Mpigie nahodha wa klabu yako leo, ajue mapema. Hendikapu haitakimbia, inahesabiwa kwa raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho ulizoandikisha, na kukaa nyumbani hakuigusi.

Klabu yenu ya Jinja inajulikana mbali kwa ile kanuni yake ya viboko: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, unauinua bila adhabu. Waliotunga kanuni hiyo hawakumwona mchezaji mwoga, waliona kuna mahali mpira hauchezeki. Uinue, mwanangu.

Kuhusu mama watoto. Sisi tunasema mchezaji wa ridhaa, na ridhaa ni kukubali kwa moyo. Wewe umekubali. Yeye ameulizwa lini? Nyumbani kwake anaona mume anayemeza vidonge, anayekosekana Jumamosi na Jumapili, na kama kidogo namjua mwanamke, hata habari ya Bugiri ameshainusa. Sidhani anachukia gofu. Mweleze yote, pamoja na zile pesa, kisha mpange pamoja: Jumamosi mbili kwa mwezi za uwanjani mkono ukipona, zinazobaki za nyumbani, na ada ya mashindano isitoke kwenye karo.

Halafu siku ya mwisho ya mashindano, panda naye matatu mwende Kampala mkatazame. Mtembeze mashimo tisa ya mwisho, umweleze kwa nini yule amechukua fimbo ile na si hii. Miaka yote hii anausikia mchezo kwa jina tu.

Lakini kabla ya hayo, Jumatatu, mlango wa bosi. Niandikie Jumanne.

Shangazi