Maswali ya Wasomaji: Vidole vya Taipureta kwenye Kibodi ya Kioo

SWALI: Nilikuwa mpiga chapa wa ofisi kwa muda mrefu, na vidole vyangu kumi vilijua kila herufi ilipo bila mimi kuitazama mashine. Mwaka huu wanangu wameninunulia simujanja, lakini kila ninapoandika ujumbe herufi za jirani huingia mahali pasipo pao, tarakimu huchomoza katikati ya neno, na maneno yangu ya Kiswahili hugeuzwa kuwa ya Kiingereza mbele ya macho yangu. Je, ni umri, au kuna jambo silijui?
Mama mstaafu, Morogoro

JIBU: Shikamoo, mama. Umri tusiusingizie. Mpangilio wa herufi unaouona kwenye simu ni uleule wa taipureta; chimbuko lake ni mashine ya Mmarekani Christopher Latham Sholes, ambayo kampuni ya Remington ilianza kuiuza mwaka 1874. Mahali pa herufi unapajua tayari, na katika hilo umewatangulia vijana wengi ambao hadi leo huitafuta B kwa macho.

Kilichobadilika ni kile ambacho kidole kinakigusa. Kitufe cha taipureta kina ukingo na uzito, kwa hiyo kidole hujua kimefika kabla jicho halijajua. Tena vidole vyako vilikuwa na mahali pa kupumzikia, vinne vya kushoto vikiwa juu ya A, S, D na F. Kioo hakina ukingo wala uzito, na kidole kinachopumzika juu yake kimekwisha kuandika. Ndiyo maana mbinu ya vidole kumi haihamii kwenye simu. Shika simu kwa mikono miwili uviachie kazi vidole gumba, kila kimoja kwa upande wake. Au iweke mezani utumie kidole cha shahada peke yake, bila kuona haya. Kisha ingia kwenye mipangilio ya kibodi uongeze kimo chake, kwa sababu simu nyingi huruhusu vitufe virefushwe. Uwashe pia mtetemo, ili kila mguso ujibiwe.

Herufi A inastahili neno la pekee, kwa kuwa ndiyo inayotumika kuliko zote katika Kiswahili na ndiyo ya kwanza katika safu yake, karibu na ukingo wa kushoto. Kava nene yenye ukingo ulioinuka hukizuia kidole gumba kuifikia sawasawa, na matokeo yake ni S kila mahali. Jaribu kuandika kava ikiwa imevuliwa. Huenda nusu ya malalamiko yako yakaisha hapo.

Tarakimu zinazochomoza zina sababu nyepesi. Kwenye kibodi nyingi, kitufe cha safu ya juu kikishikiliwa muda kidogo hutoa tarakimu, na mkono uliozoea kubonyeza kwa nguvu hushikilia bila kujijua. Gusa na kuinua mara moja. Ikishindikana, kibodi ya Gboard inakuruhusu kurefusha muda huo katika sehemu ya mapendeleo.

Sasa maneno yanayogeuzwa, ambayo kwangu ndiyo kero kubwa kuliko zote. Mara nyingi simu hufika mikononi mwetu kibodi yake ikiwa imewekwa Kiingereza, na hakuna anayetuambia. Fungua mipangilio ya kibodi, nenda kwenye lugha, uongeze Kiswahili. Kibodi za Gboard na SwiftKey zote mbili zinacho. Baada ya hapo zima usahihishaji wa kiotomatiki, lakini uache mstari wa mapendekezo ya maneno juu ya vitufe. Najua wapo watakaonipinga, ila kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati na mtendwa kwa pamoja, kama katika "hawakunipigia" au "nitawaletea", na hakuna orodha ya maneno inayoweza kuyamaliza maumbo yote hayo. Mashine isipolikuta neno kwenye orodha yake hudhani umekosea, hata kama umeandika sahihi kabisa. Mapendekezo unaweza kuyapuuza. Sahihisho linalofanyika lenyewe huligundua baada ya ujumbe kwenda.

SWALI: Kwenye kabambe yangu, simu ya vitufe, niliwaandikia wenye bidhaa bila hata kuangalia simu. Kwenye hii mpya ya kugusa napoteza wakati. Nirudi kwenye vitufe?
Mwenye duka, Kisumu

JIBU: Uamuzi ni wako, ndugu yangu, lakini hesabu kwanza. Kwenye kabambe S ilihitaji kubonyeza 7 mara nne na I kubonyeza 4 mara tatu, kwa hiyo neno "sisi" lilikugharimu mibonyezo 14. Hapa ni miguso minne. Ulichopoteza ni uwezo wa kuandika kwa kupapasa, na huo haurudi, kwa kuwa kwenye kioo hakuna cha kupapasa.

Kwa kuwa ujumbe wa dukani hujirudia, tumia kamusi ya binafsi iliyo ndani ya mipangilio ya lugha. Unaandika sentensi nzima ya kuagiza sukari na unga, unaipa kifupisho cha herufi tatu, na kila ukiandika kifupisho hicho sentensi hujitokeza kwenye mapendekezo. Kuandika kwa kutelezesha kidole kutoka herufi hadi herufi pia ni kwepesi, mradi Kiswahili kimewashwa. Kisipowashwa utapata vioja.

SWALI: Mjukuu wangu anasema niachane na kuandika, niseme tu na simu iandike. Inafaa?
Babu, Tanga

JIBU: Shikamoo, babu. Inafaa, kwa kiasi. Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa sauti mwaka 2017, pamoja na Kiamhari. Gusa alama ya maikrofoni kwenye kibodi, useme kwa mwendo wa kawaida chumbani pakiwa kimya. Ndani ya daladala utaandikiwa pia maneno ya kondakta, na abiria wote watakuwa wameusikia ujumbe wako. Simu isiyo na intaneti huenda ikakataa kabisa. Majina ya watu na kiasi cha fedha uviandike kwa kidole.