Muulize Fundi: Santuri inalia kama mbu, ninunue fono gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Mzee wetu alituachia santuri kama mia hivi, nyingi zile ndogo za dansi, pamoja na pleya yake Technics ya mkanda. Ampu yake ilishakufa zamani so mi nikanunua mpya yenye bluetooth, nikachomeka kwenye AUX. Sauti inatoka kidogooo hata nikifungulia volyumu mpaka mwisho, besi hamna kabisa, magita yanalia kama mbu ndani ya kopo. Fundi mmoja kaniambia sindano imekufa, mwingine anasema nitafute fono. Na hela yenyewe ya mawazo. Nichukue ipi?
Msomaji wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo wa pili ndo kakwambia kweli: fono ni kiboksi kidogo cha kukuza sauti, kinakaa kati ya pleya na ampu. Ila wa kwanza nae usimtupe, ntamrudia.

Iko hivi. Katriji, yaani kile kichwa kinachoshika sindano, ya kawaida hizi za aina ya MM, inatoa umeme mdogo sana, milivolti 3 mpaka 5 tu, wakati AUX yako imezoea kupokea mamia ya milivolti mpaka volti nzima na zaidi. Hapo ushajua kwa nini sauti ni ya kunong'ona. Na besi je? Santuri ikikatwa, besi inabanwa makusudi, maana besi kamili ingechimba mfereji mpana mpaka uingie wa jirani, halafu trebo, ile sauti nyembamba ya juu, inapandishwa ili ije kuizidi ile mikwaruzo ya plastiki. Kanuni hiyo inaitwa RIAA, watengenezaji walikubaliana miaka ya 1950, na kazi ya fono ni kuigeuza: inarudisha besi, inashusha trebo, halafu inakuza sauti karibu mara 100, ndo zile desibeli 40 unazoziona kwenye boksi. Ampu ya mzee ilikuwa na tundu limeandikwa PHONO, kazi yote hiyo ikifanyika humo humo ndani, we hujui wala huoni.

Sasa ya bei poa. Behringer PP400 ndo ya chini kabisa, inakaa kiganjani, haina mbwembwe, na itakutoa kwenye mbu leo leo. Ila kwa santuri za urithi mi ningejinyima kidogo nichukue ART DJ Pre II. Sababu ni kwamba ina kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti, na ina swichi ya kukata besi ya chini kabisa ile isiyosikika. Santuri iliyokaa miaka kwenye kabati la Tanga na joto lile lazima iwe imepinda, we iweke halafu utoe kava la spika uangalie wufa, ile spika kubwa ya besi: utaiona inaenda mbele inarudi nyuma kama mtu anahema, na wala hakuna mdundo wowote. Ampu inakula nguvu bure hapo. Bonyeza hiyo swichi, wufa inatulia. Pro-Ject na Rega wana fono ndogo nzuri pia lakini kwa mahitaji yako utakuwa unalipia jina zaidi.

Usinunue yenye MC, hiyo ni ya katriji nyingine za bei mbaya, hukuzwa mara 1000.

Angalia adapta jamani! Ikitoka Marekani mara nyingi imeandikwa 120V, na huku umeme wetu ni 230. Mi yangu ilitoa moshi kabla santuri haijamaliza mzunguko wa kwanza, nikabaki nimeshika kava. Halafu nyuma ya pleya kuna kawaya kembamba kenye kiuma mwishoni, watu wanakakata wakidhani hakana kazi. Hako ndo ka ethi, waya wa ardhi, kafunge kwenye skrubu ya fono, la sivyo utasikia mvumo mmmmm usiku kucha. Na fono isikae juu ya ampu.

Sindano sasa: kama ni ile ile ya mzee, badilisha. Sindano iliyoisha inachimba santuri na hiyo hairudi tena.

SWALI: Niaje fundi. Niko na Audio-Technica AT-LP60X na spika za kuwasha zenyewe. Boy wangu anasema fono ya ndani ni takataka ati nitafute fono ya nje inaitwa Schiit Mani. Ni ukweli ama ananiharibia pesa?
Nairobi

JIBU: Anakuharibia. Pleya yako katriji haitoki, unabadilisha sindano peke yake, so fono kali kwa hiyo ni kama kufunga rimu za Prado kwenye Vitz. Nunua sindano mpya ATN3600L, chenji kula nyama choma. Na siku ukipata fono ya nje, kumbuka swichi ya nyuma iende PHONO. Ukiiacha LINE unapitisha fono ndani ya fono, sauti inapasuka hadi majirani wakuje.

SWALI: Asalam aleikum. Nina santuri nzito za bibi yangu wa Unguja, za taarab, zinazunguka mara 78 kwa dakika. Hiyo fono itafaa?
Muscat

JIBU: Waaleikum salaam. Itatoa sauti ila haitakaa sawa, kwani nyingi za 78 zilikatwa kabla ya RIAA na kila kampuni ilikuwa na vipimo vyake, kwa hiyo chezea besi na trebo kwenye ampu mpaka sikio likubali. Kubwa ni sindano, lazima iwe nene ile ya 78, ya kawaida inazama chini ya mfereji na kukwaruza tu. Na usizisafishe kwa spiriti hata tone, zile ni za sheleki, aina ya utomvu, sio plastiki, zinayeyuka.