Jibu: Mama ametolewa kwenye amitriptilini, amepewa fluoksetini, sasa halali

Jambo dada wa Kadutu. Umesema mama yuko siku ya 10 ya fluoksetini, anakesha, na unataka kumrudishia amitriptilini yake ya zamani (zote mbili ni dawa za ugonjwa wa huzuni, depresheni).

Kwanza angalia anameza saa ngapi. Kaka yangu hapa Goma alimeza saa 2 usiku, kwa mazoea ya dawa ya zamani, akawa analala macho wazi akihesabu misumari ya mabati. Munganga (daktari) akamwambia ameze saa 1 asubuhi, baada ya chai. Usingizi ukarudi polepole. Amitriptilini inagusa serotonini na noradrenalini, kemikali za ubongo zinazohusika na hisia, lakini inazuia histamini pia, kemikali inayotuweka macho, ndiyo maana inasinzisha. Fluoksetini inashika hasa serotonini, na wengine inawaamsha. Siku 10 ni mapema bado: nafuu huonekana baada ya wiki 2 hadi 4, pengine 6.

Tafadhali usizichanganye mwenyewe! Fluoksetini inapandisha kiwango cha amitriptilini mwilini, nayo ikizidi inavuruga mapigo ya moyo. Vile vidonge vya zamani vitoe nyumbani, virudishe famasi. Kama anameza tramadoli, dawa ya maumivu, kwa ajili ya mgongo, mwambie munganga leo, maana nayo inaweza kugongana na fluoksetini. Na akianza kuongea habari za kufa, usingoje randevu, mpeleke hospitali usiku huohuo.