Usikate shingo ya saksofoni kwa sababu ya Kind of Blue

Mkuu, mpigie fundi sasa hivi umwambie asiguse kitu. Halafu urudi usome.

Umeandika kwamba umerithi santuri ya Kind of Blue, albamu ya jazz ya mpiga tarumbeta Miles Davis, kwa mjomba wako, toleo la zamani, na kila ukipuliza saksofoni yako ya tenor sambamba na wimbo wa kwanza, So What, unajikuta uko chini, hata ukisukuma kile kipande cha mdomoni hadi kigote. Fundi kakwambia shingo ya saksofoni, lile bomba lililopinda la kuchomekea kipande cha mdomoni, ni ndefu, ataipunguza kidogo, na Jumamosi unampelekea. Nilipofika kwenye mstari huo nilinyanyuka kwenye kiti. Ni maneno yale yale niliyoambiwa mimi, kwa santuri ile ile. Wenzetu humu wamejaza kurasa mbili wakibishana kama ukitoka hapo uende Giant Steps au A Love Supreme, albamu za John Coltrane, mpiga tenor wa santuri hiyo hiyo, na hakuna hata mmoja aliyekuzuia!

Shingo yako nzima. Kanda ndiyo ilikosewa.

Machi 2, 1959, Miles Davis na kundi lake waliingia studio ya Columbia ya mtaa wa 30, New York, jengo lililokuwa kanisa zamani. Siku hiyo walirekodi So What, Freddie Freeloader na Blue in Green. Mashine kuu ya kurekodia ilikuwa inakwenda polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Sasa kanda iliyorekodiwa polepole, ukija kuipiga kwenye mashine yenye mwendo sahihi, muziki unakimbia na sauti zote zinapanda. Haifiki hata nusu toni, ndiyo maana anayesikiliza tu hagundui kitu. Mwenye ala mkononi ndiye anayeteseka. Aprili 22 waliporudi kurekodi All Blues na Flamenco Sketches, mwendo ulikuwa sawa. Kwa hiyo kwenye santuri ya mjomba upande wa kwanza uko juu, upande wa pili uko sahihi. Kosa lilikaa humo zaidi ya miaka 30, mpaka 1992 ilipotolewa upya kutoka kwenye kanda ya akiba, iliyorekodiwa siku ile ile kwa mashine nyingine iliyokuwa na mwendo sahihi.

Mimi sikuyajua hayo. Nilikuwa na tenor niliyoinunua kwa mzee mmoja mstaafu wa bendi ya matarumbeta, Tsh 900,000, fedha ya mwaka mzima ya kujinyima. Kila usiku nakaa na So What. Besi ya Paul Chambers inauliza, wenzake wanamjibu kwa sauti mbili, na mimi nazijibu nao. Kila nikijibu, nasikia ule mtetemo mbaya wa sauti mbili zinazokaribiana bila kukutana. Nikabadilisha mwanzi, ule ulimi unaotetemeka ukipuliza. Nikabana midomo hadi ikafa ganzi. Nikaipeleka kwa fundi.

Huyo fundi, na hili sitalisahau, hakutoa hata tyuna, kile kifaa cha kupima kama sauti iko juu au chini. Hakupiga hata noti moja. Nilimchezea So What kwenye simu, nilikuwa nimeirekodi kutoka kwenye santuri, nikapuliza, akanikatisha: "Shingo hiyo ndefu, za zamani ndivyo zilivyo." Mtu anayeishi kwa kutengeneza ala za watu! Daktari gani anakata mguu bila kupima? Alichukua Tsh 180,000 na msumeno mdogo, akabandua koki, ile gamba laini linaloshika kipande cha mdomoni shingoni, akakata. Kipete cha shaba kikaanguka mezani, upana wake punje moja ya mchele. Bado ninacho kwenye droo. Akabandika koki mpya, fupi, nikapuliza, na kweli nikakutana na Coltrane pale pale. Nilimshukuru. Nilimwongezea na nauli.

Jumapili ya Pasaka nikaenda nayo kanisani. Kinanda, gitaa la besi, kwaya ya watu 40. Beti ya kwanza haikuisha, mwalimu wa kwaya akageuka kunitazama. Nikavuta kile kipande cha mdomoni nje kidogo. Nikavuta tena. Koki ilikuwa fupi mno, ikawa haishiki, kinacheza kama jino bovu na pumzi inavujia pembeni. Sauti za chini zilikuwa mbaya, za juu mbaya zaidi, kwa sababu ukikata milimita chache za bomba, noti inayotumia bomba fupi ndiyo inayopanda sana. Niliishusha nikakaa nayo mapajani hadi mwisho wa ibada. Anayetaka kucheka acheke, lakini amalize kusoma.

Kutafuta shingo nyingine ndiko kulikonimaliza. Shingo za saksofoni haziazimani ovyo. Kila kiwanda kina kipenyo chake cha pale inapoingia mwilini, na hata kiwanda kimoja hubadilisha kati ya toleo na toleo. Nilizunguka Dar nzima. Mwishowe niliagiza nje, Tsh 620,000 pamoja na usafiri, ikaja ikiwa pana kidogo, ikabidi fundi mwingine aikaze taratibu kwa siku mbili. Huyo wa pili ndiye aliyeniuliza swali la kwanza la maana: "Ulikuwa unalinganisha na nini?" Nikamtajia santuri. Akaenda kabatini, akaleta sidii ya toleo jipya, akaiweka. So What ilianza, na mimi niliyeisikia mara mia nane nikahisi imeshuka. Nilitamani sakafu ipasuke.

Na kilichoniuma zaidi ya fedha ni kwamba dalili nilikuwa nayo tangu mwanzo. All Blues nilikuwa nacheza nayo vizuri tu! Kila nikigeuza santuri mambo yanakaa sawa, nami nikajiambia ni kwa sababu midomo imeshapata moto.

Kwa hiyo leo fanya hivi. Washa tyuna, hata ile ya bure ya simu, iweke kwenye A ya 440, kipimo cha kawaida cha ala, upulize bila santuri yoyote. Kama sindano inakaa katikati, ala yako ni nzima na mjadala wa shingo umeisha. Kisha bandika kipande cha karatasi kwenye ukingo wa sahani ya gramafoni, uhesabu mizunguko kwa dakika 3 kamili. Mwendo wa 33 na theluthi unakupa mizunguko 100. Ikizidi, gramafoni inakimbia, na hapo pande zote mbili zitakuwa juu. Ikiwa 100, weka upande wa pili. Angalia lakini, matoleo ya mwanzo yaliandikwa majina ya upande huo kinyume, All Blues mahali pa Flamenco Sketches, kwa hiyo usiamini lebo. All Blues ni ule unaoyumba kwa hesabu ya sita kama mtu anayebembeleza mtoto. Shikilia A ya tenor, ambayo kwenye kinanda ni G. Ikikaa, geuza, weka So What, ushikilie E, yaani D ya kinanda. Ikikataa hapo tu, umeshamjua mwenye kosa, na alirekodiwa 1959.

Usirekebishe ala kwa kufuata santuri moja. Narudia tena, hata fundi awe na mvi kichwa kizima: usirekebishe ala kwa kufuata santuri moja. Santuri inapita kwenye mashine ya kurekodia, mashine ya kuchonga na gramafoni yako, na yoyote kati ya hizo inaweza kukosea mwendo. Shaba ikishakatwa haioti.

Kama unataka kucheza na upande wa kwanza, tafuta toleo lililosahihishwa, na ile ya mjomba uendelee kuisikiliza ukiwa umekaa, kwa sababu piano ya Bill Evans kwenye Blue in Green inastahili mtu aliyetulia.

Piga All Blues usiku huu, uje uandike hapa sindano ya tyuna imesimama wapi. Nitakuwa macho.