Muulize Fundi: Gitaa linalolia kama mtu

SWALI: Shikamoo mjomba. Napiga solo kwenye bendi ya vijana hapa Nachingwea. Nimetumiwa kwenye simu wimbo "Dust My Broom" wa Elmore James. Gitaa linalia kama mtu, sauti haikatiki inapohama noti. Wenzangu wanabisha kwamba hiyo ni mashine ya bei mbaya. Huyu ni nani, na gitaa langu linaweza kutoa sauti hiyo?
Msomaji, Nachingwea

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Wimbo huo ulirekodiwa 1951, Jackson, jimbo la Mississippi, Marekani. Mashine wanazosema wenzako hazikuwepo mtaani. Unachosikia ni kibomba kilichovaliwa kidoleni, kinateleza juu ya nyuzi. Na mkono wa fundi redio.

Hapo ndipo ninapompendea. Elmore, mpiga gitaa na mwimbaji wa blues (muziki wa Wamarekani weusi), alizaliwa 1918, na utotoni alijifunzia waya mmoja uliokazwa ukutani, ndugu kabisa wa zeze. Vita Kuu ya Pili ilimkuta mwanamaji. Aliporudi alifanya kazi mjini Canton, kwenye duka la kaka yake wa kulelewa, wakitengeneza redio. Mtu wa kushinda na spika mezani anajua amplifaya ikifunguliwa mpaka mwisho inaanza kukwaruza. Mimi hapa Mtwara wateja wananiletea spika zilizoliwa na chumvi ya bahari, wanataka mkwaruzo utoke. Yeye aliutaka ubaki, na ndio unaoufanya uzi uendelee kulia badala ya kuzimika.

Mapigo yale ya mwanzo ya wimbo, mpiga blues mwingine, Robert Johnson, alikwisha kuyarekodi 1936, lakini kwa vidole vitupu. Elmore akayatelezesha, na tangu hapo hakuna anayeyasikia vingine. Huko London, 1962, mpiga gitaa Mwingereza Brian Jones alipanda jukwaani kwa jina la Elmo Lewis kwa kumpenda tu. Mwaka huohuo akaanzisha bendi ya roki ya Rolling Stones. Elmore mwenyewe moyo ulimwondoa mwaka uliofuata, Chicago, ana miaka 45. Inaniuma kila nikikumbuka.

Sasa gitaa lako. Nyuzi ziwe za chuma, za nailoni hazifai. Legeza uzi wa sita uwe noti ya D, wa tatu F#, wa pili A, wa kwanza D. Wa tano na wa nne usiguse. Ukizipiga zote wazi unapata kodi nzima ya D, yaani noti zake zote zinalia pamoja. Kibomba usinunue: muombe fundi magari soketi ya spana inayoenea kidole chako cha mwisho. Usikandamize, gusa tu, na isimame juu ya kijichuma chenyewe cha shingo, si katikati ya viwili kama ulivyozoea. Vidole vingine vilale nyuma yake kuzima kelele. Kisha nenda kwenye kijichuma cha 12, ingia kwa kuteleza kutoka chini kidogo, na upige tatu tatu, haraka, nyuzi nyembamba zote pamoja. Wapigie wenzako hivyo, bila mashine yoyote.