Barua kwa mwanangu: kamera umwachie nani?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na mama yako. Wamekuita uongoze tamthilia ya televisheni, lakini kamera ashike mtu mwingine. Unauliza ukubali au ubaki mpiga picha.

Wewe si wa kwanza kukutwa na hilo. Marehemu babu yako hakuchoka kutusimulia Butiaba ya 1951, hapa Uganda kwenye Ziwa Albert, alipokuwa kuli bandarini na Wazungu wakaja kupiga filamu ya The African Queen. Wenzangu walitaka kusikia habari za mwigizaji wake, Humphrey Bogart, na wiski yake. Mimi nilitaka habari za kamera: ya Technicolor, ya picha za rangi, nzito ajabu, mikanda mitatu ya filamu ikipita ndani yake kwa pamoja. Aliyekuwa nyuma yake ni Jack Cardiff. Baadaye huyo akawa mwongozaji, na kwa filamu yake ya 1960, Sons and Lovers, akawania Oscar ya uongozaji. Kisha akarudi kwenye kamera! Ile Rambo ya 1985, iliyojaza vibanda vya video hadi watoto wakapakatwa na watu wasiowajua, mpiga picha wake ni yeye. Kwa hiyo njia ina kwenda na kurudi.

Lakini linalonikosesha usingizi si hilo. Mimi nauliza: kanda zinabaki kwa nani? Najua utacheka, siku hizi ni faili. Sawa. Kazi usiyo na nakala yake mkononi ni kibarua tu. Umelisikia tangu mdogo, lisikie tena.

Tamthilia ya soko la Bombo huikumbuki, ulikuwa bado mgongoni kwa mama yako. Waigizaji walikuwa wanawake wa sokoni wenyewe, kwa Kiswahili chao cha pale pale, hakuna aliyekariri neno. Niliongoza kamera ikiwa begani. Jua letu la saa sita linasimama utosini, macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Ukifungua lenzi ili uso uonekane, mtandio mweupe unaungua kwenye picha, unabaki weupe mtupu. Nikabandika karatasi za kung'aa za ndani ya pakiti za sigara kwenye boksi la sabuni, shangazi yako akalishika chini ya kidevu cha muuza samaki lirudishe mwanga usoni. Uso ukaja. Uso ule, mwanangu! Ilirushwa yote, na watu wakawa wananisimamisha barabarani.

Baadaye nikaenda kituoni, jina nalihifadhi, kuomba nakala. Kanda za video za Betacam zilikuwa ghali, zinatoka nje, nao walikuwa wakirekodi juu ya zilizokwisha kurushwa. Nikaikuta rafuni: mwandiko wangu umepigwa mstari, juu yake kalamu nyekundu imeandika MPIRA. Nikamwomba fundi aitie mashineni. Mpira kweli. Refa akapuliza filimbi ya mwisho, picha ikachafuka, halafu pale mkiani kikatokea kipande chetu kilichosalimika: muuza samaki anafunika beseni kwa gunia, anainua macho, anasema, “Haya, kesho.” Basi. Fundi akaniuliza kama nimemaliza, anaihitaji mashine.

Kaka zako wanadhani siangalii ligi kwa sababu ya uzee.

Sasa, nani huumia zaidi, mwongozaji au mpiga picha? Mpiga picha hulipwa kwa siku, anafungasha taa zake, na tamthilia ikiwa mbaya hakuna anayemtukana mtaani. Na mwongozaji wa televisheni, tusidanganyane, si mfalme: hadithi wameandika wengine, waigizaji wamekwisha chaguliwa, jua linazama na yeye anahimizwa amalize. Lakini ni yeye anayeamua muuza samaki atazame wapi. Ukiniuliza moyo wangu... hapana, nimejiapiza nisikuamulie. Ila huyo atakayeshika kamera, ana jicho? Na akiweka taa usipopapenda, utaweza kunyamaza? Wewe, uliyemwamuru imamu asogee dirishani kwenye nikahi ya kaka yako?

Turudi kwenye mkataba. Sheria yetu ya hakimiliki, ile ya Uganda ya 2006, inasema kazi uliyoifanya ukiwa mwajiriwa ni mali ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Basi useme vingine! Waandike kwamba unapewa nakala ya kila sehemu, na kwamba jina lako haling'olewi hata wakiiuza nchi nyingine. Wakigoma kwenye nakala, mimi nisingesaini. Hilo si uamuzi, ni tahadhari tu.

Nitumie kurasa zote, pamoja na yale maandishi madogo ya nyuma. Kaka yako atanichapia dukani kwake. Mama yako anasema ukubali leo leo, watu wa televisheni hawapigi simu mara ya pili. Hayo ni yake. Mimi sijasema kitu.

Baba yako,
Bombo